Kabla ya kusaini: mwongozo wa kupanga matumizi ya teknolojia katika maktaba ya chuo kikuu

Maktaba ya chuo kikuu hainunui teknolojia mara moja ikamalizana nayo. Inaponunua mfumo wa katalogi, hifadhidata ya majarida au mitambo ya kuazimisha vitabu, inajifunga kulipa mwaka hadi mwaka, na sehemu kubwa ya malipo hayo huja baada ya aliyesaini kustaafu au kuhamishiwa kwingine. Ndiyo maana mkuu mpya wa maktaba huweza kukabidhiwa bajeti akakuta kasma ya teknolojia imekwisha kuliwa na leseni za waliomtangulia, kabla hajaamua lolote. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkutubi anayetakiwa kupeleka mapendekezo kwenye kamati ya maktaba au kitengo cha ununuzi, na msimamo wake ni kwamba bei ya kuingia ndiyo sehemu ndogo ya uamuzi. Kinachostahili kupimwa kwa makini ni gharama ya kukaa na gharama ya kutoka.

Hatua ya 1: Orodhesha mliyokwisha kujifunga nayo

Kabla ya kumsikiliza muuzaji yeyote, andaa jedwali moja lenye kila huduma ya teknolojia inayolipiwa na maktaba. Kwa kila huduma andika aliyesaini, tarehe ya mkataba kuisha, siku ya mwisho ya kutoa notisi ya kusitisha, sarafu ya malipo, kiwango cha ongezeko la kila mwaka, kasma inayolipia, na jina la mtu mwenye nywila ya akaunti ya usimamizi. Safu hiyo ya mwisho huonekana kama nyongeza tu, lakini si ajabu kugundua kwamba akaunti kuu imesajiliwa kwa baruapepe ya mfanyakazi aliyeondoka zamani, na kwamba maktaba inalipia huduma ambayo hakuna aliyebaki anayeweza kuirekebisha.

Usitegemee mafaili ya maktaba peke yake. Mwombe mhasibu akutolee orodha ya malipo yote ya miaka mitatu iliyopita yaliyokwenda kwa wachapishaji, kampuni za programu na mawakala wa majarida, yakiwemo yaliyolipwa na vitivo, ofisi ya utafiti na kitengo cha TEHAMA. Hapo ndipo hubainika kuwa kitivo kimoja kinalipia hifadhidata ileile ambayo maktaba nayo inailipia, au kwamba leseni ya programu ya marejeo imenunuliwa mara mbili kwa majina tofauti.

Jedwali likikamilika, tenganisha matumizi ya mara moja na matumizi ya kujirudia, kisha ukadirie yale ya kujirudia kwa miaka mitano ijayo. Huduma inayopanda kwa asilimia 5 kila mwaka, ikiwa leo inagharimu 100, itagharimu takriban 128 baada ya miaka mitano na takriban 163 baada ya miaka kumi. Bajeti ya maktaba isipopanda kwa kasi hiyo, tofauti hufidiwa kimyakimya kutoka fungu la vitabu, kwa sababu ndilo fungu pekee lisilo na mkataba wa kulilinda. Na kama bajeti hutolewa kwa sarafu ya nchi huku ankara zikija kwa dola au yuro, weka akiba ya kufidia mabadiliko ya thamani ya fedha tangu siku ya kuandaa makisio, si siku ankara inapofika.

Hatua ya 2: Eleza tatizo bila kutaja bidhaa

Andika tatizo unalotaka kulitatua kwa sentensi moja ambayo ndani yake hamna jina la bidhaa yoyote. “Wanafunzi walio nje ya chuo hawawezi kufungua majarida tuliyoyalipia” ni tatizo. “Tunahitaji jukwaa la kisasa la utafutaji” ni bidhaa iliyovishwa joho la tatizo, na kamati ikiikubali sentensi hiyo, mjadala wote utakaofuata utakuwa wa kuchagua muuzaji.

Ushahidi wa tatizo mara nyingi tayari mnao. Katalogi nyingi zinaweza kutoa orodha ya maneno yaliyotafutwa yakarudisha jibu tupu, na kuisoma orodha hiyo kwa saa moja hufundisha kuliko dodoso refu. Dawati la huduma lina maswali yanayojirudia. Wachapishaji wanazo takwimu za wasomaji waliojaribu kufungua kitu wakazuiwa. Zaidi ya hayo, mketishe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye simu yake, mpe jina la kitabu kilichomo kwenye orodha ya somo lake, kisha umtazame bila kumsaidia. Huenda akaandika jina la kitabu kwenye kisanduku cha kutafutia matangazo ya tovuti badala ya kisanduku cha katalogi, kwa kuwa kwenye kioo kidogo cha simu hicho ndicho kinachojitokeza kwanza. Akiisha kufika kwenye katalogi anakuta rekodi mbili za kitabu kimoja, moja ya nakala ya rafuni na nyingine ya toleo la kielektroniki, hajui aguse ipi. Na akigusa ya kielektroniki, anaombwa nywila ambayo hakuna aliyewahi kumweleza kuwa ni ileile ya baruapepe ya chuo.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibiwa kwa kununua mfumo mpya. Kisanduku kinahamishwa, rekodi zinaunganishwa, sentensi moja ya maelezo inaongezwa juu ya fomu ya kuingilia. Fedha itafutwe baada ya marekebisho ya aina hii kufanyika na tatizo likabaki palepale.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya maisha yote ya kitu

Chukua kipindi cha miaka mitano kwa programu na vifaa, kisha ujaze gharama za kila mwaka: leseni au ada, usimikaji, kuhamisha data kutoka mfumo wa zamani, mafunzo (pamoja na kuwafunza upya wanaoajiriwa baadaye), matengenezo, umeme na betri za akiba, intaneti ya ziada, muda wa wafanyakazi, na mwisho kabisa gharama ya kuondoka. Muuzaji atakupa kwa hiari gharama mbili za mwanzo. Zilizobaki ni kazi yako.

Muda wa wafanyakazi ndio husahaulika kuliko vyote, kwa sababu mishahara hailipwi na kasma ya teknolojia. Fikiria maktaba inayotaka kuweka chipu za utambuzi kwa njia ya mawimbi ya redio kwenye vitabu 100,000 ili wasomaji wajiazimie wenyewe. Bei ya chipu moja ni ndogo na hupendeza kwenye pendekezo. Lakini kila kitabu lazima kitolewe rafuni, kibandikwe chipu, msimbopau wake usomwe, namba iandikwe ndani ya chipu, kisha kirudishwe mahali pake. Mfanyakazi mmoja akimudu vitabu 60 kwa saa, kazi hiyo ni takriban saa 1,667, yaani siku 238 za kazi zenye saa saba kila moja, na hiyo ni kabla ya kukutana na vitabu visivyo na rekodi, vilivyochakaa au vyenye namba mbili. Hata hivyo teknolojia hii ina faida ya kweli pale ambapo foleni ya kuazima ni ndefu na ukaguzi wa rafu haujafanyika kwa miaka mingi. Maktaba ambayo wasomaji wake wengi wanasomea humohumo na kuazima kwa nadra itakuwa imebandika chipu laki moja kwa ajili ya foleni isiyokuwepo.

Ukiamua kuendelea, dai chipu zinazofuata viwango vya kimataifa, hasa ISO 28560 kinachoeleza namna data za maktaba zinavyopangwa ndani ya chipu, ili mashine za kampuni nyingine ziweze kuzisoma siku mkiamua kubadilisha muuzaji.

Kompyuta za wasomaji hazihitaji falsafa nyingi. Nunua za aina moja, kwa mafungu, ili kila mwaka sehemu ya zilizochakaa ibadilishwe, na usinunue mashine mpya ambayo mfumo wake endeshi unakaribia kuachwa na mtengenezaji. Waliokuwa na kompyuta nyingi zenye Windows 10 waliuona ubaya wa kupuuza jambo hili ulipofika Oktoba 2025 na msaada wa kawaida wa mfumo huo ukakoma.

Hatua ya 4: Amua nani atakayeubeba mfumo

Kwa mfumo wa usimamizi wa maktaba, swali la kwanza ni kama mna watu wa kuubeba. Koha, iliyoanza New Zealand mwaka 1999 na kuanza kutumika Januari 2000, ni programu huria isiyo na ada ya leseni. Inaendeshwa juu ya mfumo endeshi wa Linux kwa hifadhidata ya MariaDB au MySQL, na hutoa toleo kubwa jipya mara mbili kwa mwaka. Kwa hazina ya machapisho ya chuo kuna DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT cha Marekani kwa kushirikiana na maabara za Hewlett-Packard, na kuna EPrints ya Chuo Kikuu cha Southampton. Zote ni programu imara, nami ningeanza kuzifikiria hizo kabla ya nyingine yoyote. Lakini kutokuwepo kwa ada ya leseni hakufuti gharama. Kunaihamishia kwenye mshahara wa mtu anayejua kusasisha seva, kusoma kumbukumbu za makosa na kurejesha hifadhidata usiku wa manane.

Kwa hiyo hesabu watu wawili, wala si mmoja. Maktaba yenye fundi mmoja hodari wa Koha ina mfumo mzuri hadi siku atakapopata kazi yenye mshahara mnono zaidi. Kama hamwezi kuwa na wawili, fikirieni kuilipa kampuni inayoendesha programu hiyohiyo ya huria kwenye seva zake: data inabaki katika muundo wa wazi, na mkigombana na kampuni hiyo mnaweza kuhamia kwa nyingine bila kubadilisha mfumo. Njia nyingine ni vyuo kadhaa kuungana na kuajiri mafundi wa pamoja. Njia hiyo huokoa fedha nyingi, ila inataka makubaliano ya maandishi kuhusu nani anahudumiwa kwanza mambo yanapoharibika.

Mifumo ya kibiashara iliyo kwenye wingu, yaani kwenye seva za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, kama vile Alma ya kampuni ya Ex Libris, inaweza kuwa chaguo sahihi kwa chuo chenye mikusanyo mikubwa ya kielektroniki, kwa kuwa husimamia leseni, viungo vya majarida na vitabu vya rafuni mahali pamoja. Unaponunua huko, mtazame na mmiliki. Ex Libris ilinunuliwa na ProQuest mwaka 2015, na ProQuest ikanunuliwa na Clarivate mwaka 2021. Februari 2025 Clarivate ilitangaza kuacha kuuza vitabu kwa malipo ya mara moja na kuelekea kwenye usajili. Wakutubi walilalamika, na tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi katikati ya 2026. Bidhaa ilikuwa ileile, lakini masharti ya kuimiliki yalibadilishwa na mtu ambaye hakuwepo mezani siku wateja wengi waliposaini.

Hatua ya 5: Zipime hifadhidata kwa matumizi, kisha zipime tena kwa akili

Katika maktaba nyingi za vyuo vikuu, usajili wa majarida na hifadhidata ndio unaomeza fedha kuliko seva na kompyuta zote, kwa hiyo hapa ndipo panapostahili muda wako mwingi.

Anza kwa kupakua ripoti za matumizi zinazofuata COUNTER, kanuni za pamoja za kuhesabu matumizi ya machapisho ya kielektroniki; ripoti hizo wachapishaji wakubwa karibu wote huzitoa bure kwa wateja wao. Toleo la 5 la kanuni hizo lilianza kutumika Januari 2019. Ripoti mbili zitakufaa zaidi kwa majarida: TR_J1, inayoonyesha makala zilizofunguliwa kwa kila jarida bila kuhesabu zile zilizo wazi kwa kila mtu, na TR_J2, inayoonyesha mara ambazo msomaji alizuiwa. Kwa vitabu, zinazolingana nazo ni TR_B1 na TR_B2. Kanuni hizo huhesabu mibofyo miwili ya haraka kwenye kiungo kimoja, ndani ya sekunde 30, kuwa mmoja, jambo linalozuia takwimu kujivimbisha. Muuzaji akikuletea jedwali lake mwenyewe lenye “matumizi” bila kusema yanahesabiwaje, uliza kama ni utafutaji au ni makala zilizofunguliwa. Mtu mmoja anayetafuta jambo anaweza kuzalisha utafutaji mwingi asifungue hata makala moja.

Gawanya ada ya mwaka kwa idadi ya makala zilizofunguliwa. Tuseme hifadhidata ya kwanza inalipiwa dola 24,000 na imefunguliwa mara 16,000: kila matumizi ni dola 1.50. Ya pili inalipiwa dola 9,000 na imefunguliwa mara 300: kila matumizi ni dola 30. Aliye na haraka atafuta ya pili hapohapo. Mkutubi atajiuliza kwanza kama wasomaji wanaweza kuifikia. Je, imo kwenye ukurasa wa maktaba? Je, anayeingia kutoka nyumbani kupitia EZproxy au OpenAthens, mifumo ya kumtambua msomaji aliye nje ya chuo, hufika kwenye makala au hugota kwenye ukurasa wa kudaiwa malipo? Kiungo kimoja kilichosanidiwa vibaya kinaweza kuifanya hifadhidata nzuri ionekane haina wapenzi kwa mwaka mzima. Kisha ajiulize ni nani walioifungua mara hizo 300, na walifungua nini. Kama ni idara ndogo isiyo na chanzo kingine cha maarifa ya fani yake, dola 30 zinaweza kuwa halali. Kama ni makala zilezile zinazopatikana ndani ya hifadhidata ya kwanza zikiwa zimecheleweshwa kwa mwaka mmoja, si halali.

Baada ya hapo tafuta kilicho wazi. DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Lund mwaka 2003, na Unpaywall, inayoonyesha nakala halali zisizolipiwa, zitakueleza ni sehemu gani ya kifurushi unachokilipia tayari inapatikana bila malipo. Chuo kilicho katika nchi yenye kipato cha chini au cha kati kihakikishe kwanza kama kinastahili kuingia Research4Life, mpango uliozaliwa na ule wa Hinari wa mwaka 2002, ambao hutoa majarida na vitabu vya wachapishaji wengi bure au kwa ada ndogo. Kulipia kitu ambacho chuo kinastahili kupewa ni kosa linalotokea kwa sababu tu hakuna aliyetumwa kukiandikisha.

Vifurushi vikubwa vya mchapishaji mmoja vina hila yake: bei ya jarida moja moja ni kubwa kiasi kwamba kifurushi kizima huonekana ni rahisi, hata kama sehemu kubwa yake haisomwi. Wapo waliokataa. Chuo Kikuu cha California kilivunja mazungumzo na Elsevier Februari 2019, kikaishi bila mkataba huo kwa takriban miaka miwili, na Machi 2021 kikasaini mpya uliofungamanisha kusoma na kuchapisha kwa uwazi. Mtandao wa vyuo vikuu vya umma vya jimbo la New York, SUNY, uliacha kifurushi cha mchapishaji huyohuyo mwaka 2020 na kubaki na majarida 248 uliyoyachagua. Kabla ya kuwaiga, andaa njia mbadala ya kumpatia mhadhiri makala ndani ya siku chache kwa kuazimana na maktaba nyingine, na uwaeleze wahadhiri mapema, kwa takwimu za idara zao wenyewe. Kinachoudhi wahadhiri kuliko kukatwa kwa jarida ni kulikuta limekatwa.

Kwa vitabu vya kielektroniki, soma idadi ya wasomaji wanaoruhusiwa kwa wakati mmoja. Leseni ya msomaji mmoja inatosha kwa kitabu cha utafiti, lakini kwa kitabu cha kiada cha darasa la wanafunzi 200 ni kama kununua kufuli. Utaratibu wa kulipia kitabu pale tu msomaji anapokifungua ni mzuri, mradi muweke kikomo cha fedha na muondoe mapema mada zisizofundishwa chuoni.

Kuhusu visaidizi vya akili mnemba ambavyo wauzaji sasa wanaviambatanisha na hifadhidata zao, msimamo wangu ni wa tahadhari. Visilipiwe kwa kasma ya pekee mpaka vijaribiwe kwa maswali halisi ya wanafunzi wenu, na kila rejeo vinalolitoa likaguliwe kama lipo na kama linasema kile kinachodaiwa.

Hatua ya 6: Jaribu kwa data zenu

Onyesho la muuzaji hutumia rekodi safi. Wewe mpe zilizo chafu. Chagua rekodi 200 kutoka kwenye katalogi yenu: za vitabu vyenye juzuu nyingi, za tasnifu, za vitabu vya lugha zenye herufi zisizo za Kilatini au zenye alama juu ya herufi, za majarida yaliyobadilisha majina, na chache zisizo na ISBN. Zitoe katika MARC 21, muundo wa kawaida wa rekodi za katalogi, ziingize kwenye mfumo unaojaribiwa, halafu zitoe tena na uzilinganishe na za mwanzo. Tazama kama kichwa cha kitabu kwenye uga wa 245 kimebaki kizima, kama herufi zenye alama zimegeuka kuwa takataka kwa sababu ya kuhama kutoka usimbaji wa MARC-8 kwenda UTF-8, na kama taarifa za nakala, yaani msimbopau, mahali pa rafu na hali ya kuazimwa, zimetoka pamoja na rekodi au zimebaki ndani. Mfumo unaopokea data vizuri na kuzitoa vibaya umekwisha kukueleza jinsi siku ya kuachana itakavyokuwa.

Majaribio ya hifadhidata yafanyike wakati wanafunzi wapo na wana kazi za kuandika. Mwezi wa majaribio unaotolewa bure wakati wa likizo hauthibitishi lolote.

Hatua ya 7: Usomeni mkataba kuanzia mwisho

Vifungu vya kusitisha kwa kawaida viko kurasa za mwisho, navyo ndivyo vya kuanzia. Hakikisha kwamba mkataba haujihuishi wenyewe bila barua yenu, au kama unajihuisha, kipindi cha notisi kiandikwe bayana. Hakikisha kwamba mkisitisha mtapewa data zote za wasomaji, mikusanyo na miamala katika muundo unaosomeka kwingine, bila malipo ya ziada na ndani ya muda uliotajwa, na kwamba muuzaji atafuta nakala zake baada ya hapo. Wekeni kikomo cha ongezeko la bei kwa kila mwaka wa mkataba. Kwa majarida, daini haki ya kuendelea kusoma matoleo ya miaka mliyoyalipia hata baada ya kusitisha, na muulize kama mchapishaji anahifadhi maudhui yake kwenye hifadhi za kudumu za kidijitali kama Portico, LOCKSS au CLOCKSS, kwa sababu haki ya kusoma haina thamani iwapo seva ya mchapishaji imezimwa.

Kifungu cha usiri wa bei, muuzaji akikileta, jitahidini kukiondoa. Kazi yake ni kuwazuia wakutubi wa vyuo viwili kulinganisha walichotozwa.

Hatua ya 8: Tengeni fedha za usalama kabla ya kununua kipya

Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza, British Library, ilishambuliwa na kundi la wahalifu wa mtandaoni linaloitwa Rhysida. Maktaba ilikataa kulipa fedha walizodai wahalifu hao, na takriban gigabaiti 600 za data zikamwagwa hadharani. Katalogi yake kuu haikurudi mtandaoni hadi Januari 2024, tena kwa kusomwa tu. Ripoti ambayo maktaba yenyewe iliichapisha Machi 2024 inastahili kusomwa na kila mwenye kupanga bajeti, kwa sababu haimlaumu mtu mmoja. Inaeleza mifumo ya kizamani iliyorundikana kwa miaka, isiyoweza kurejeshwa kwenye mashine mpya, na milango ya kuingilia kutoka mbali isiyo na uthibitishaji wa hatua mbili. Nakala salama za mikusanyo ya kidijitali zilikuwepo. Kilichokosekana kwa muda mrefu kilikuwa miundombinu ya kuzirejeshea.

Kwa hiyo, kwenye kila bajeti, mambo haya yatangulie bidhaa mpya yoyote: uthibitishaji wa hatua mbili kwa kila akaunti ya usimamizi, nakala rudufu tatu za data zilizo kwenye aina mbili za vyombo na moja ikiwa nje ya jengo, na zoezi la kurejesha mfumo mzima kwenye mashine tupu angalau mara moja kwa mwaka. Zoezi hilo lipangiwe siku na saa, na liandikiwe taarifa ya muda lililochukua. Nakala rudufu ambayo haijawahi kurejeshwa ihesabiwe kuwa haipo. Mfumo wa kizamani usioweza kusasishwa uorodheshwe kama deni, hata kama bado unafanya kazi.

Hatua ya 9: Pelekeni pendekezo moja, na tarehe ya kulipitia upya

Pendekezo kwa kamati lisizidi kurasa mbili. Liwe na sentensi ya tatizo, ushahidi wake, njia tatu zilizofikiriwa (mojawapo ikiwa ni kutonunua chochote), gharama ya miaka mitano ya kila njia, kitakachokatwa ili fedha ipatikane, na namna ya kutoka. Ikiwa hakuna kinachokatwa, sema wazi fedha inatoka wapi mwaka wa pili, kwa maana ruzuku ya mradi hulipia mwaka wa kwanza na kuiachia maktaba iliyobaki. Mfadhili akitoa mitambo, mwombeni kwa heshima agharamie na matengenezo ya miaka mitatu; akikataa, kamati iamue ikiwa na habari hiyo mkononi.

Kamati ikikubali, andikeni siku hiyohiyo kipimo kitakachoonyesha kama uamuzi ulikuwa sahihi, kwa mfano idadi ya makala zinazofunguliwa kutoka nje ya chuo, au muda wa foleni kwenye dawati, pamoja na kiwango ambacho kisipofikiwa huduma itasitishwa. Kisha fungueni kalenda ya maktaba, mhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mwisho ya notisi, na muweke mapitio siku 90 kabla yake, kwa jina la cheo na si la mtu, ili yeyote atakayekuwa amekikalia kiti hicho apate ukumbusho na muda wa kutosha wa kupakua takwimu, kuzungumza na idara na kuandika barua.